Tulivyosindikizwa hadi Ghuba ya Ha Long

Mmenichosha kwa simu. Dada yangu Speciose wa Columbus anataka kujua kama kweli nilikula nyoka. Mama Furaha wa Buffalo bado hajaamini kwamba nimerudi na viungo vyangu vyote. Na hapa Louisville, kila Jumapili baada ya ibada, lazima mtu anishike mkono pale kwenye maegesho aseme, "Mama Neema, hebu tupe habari." Habari ni ndefu na maegesho yana baridi. Basi nimeandika mara moja, msome wote, kisha mniache nipike.

Mambo ya pasi na viza nayaruka, hayana utamu. Nianze na mwenye safari, maana safari hii haikuwa yangu.

Kwenye ghala la Jeffersontown ninakofanya kazi, nasimama meza moja na mama wa Kivietnam anayeitwa Hoa. Huu ni mwaka wa sita: mimi nafunga maboksi, yeye anabandika karatasi za anwani. Mtoto wake wa kwanza anaitwa Kevin, kwa hiyo tangu wiki ile ya kwanza nikamwita Mama Kevini, kama tulivyozoea kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Kumwita mwanamke mzima jina lake tupu, mdomo wangu unakataa. Mwanzoni alidhani nimempa cheo. Siku hizi hata supavaiza anamwita hivyo.

Mama Kevini aliondoka kwao akiwa na miaka ishirini, alfajiri, kwa mashua, bila kumuaga mama yake wala dada yake mkubwa, Lan. Aliogopa kwamba wangemzuia. Miaka tisa baadaye, yeye akiwa Amerika, Lan alimwandikia mistari miwili: mama amefariki, tumemzika. Baada ya hapo, kila barua aliyotuma haikujibiwa. Aliniambia hayo siku moja tukiwa chumba cha kulia, akimenya chungwa, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Alisema ana swali moja tu duniani: je, mama yake alikufa akiwa na hasira naye? Mwenye jibu alikuwa Lan peke yake.

Akasema anataka kwenda Vietnam kuiona Ghuba ya Ha Long kama watalii wanavyoiona, kwa kuwa ndiko alikopandia ile mashua na siku ile hakutazama kitu. Kijiji cha dada yake kiko njiani. Lakini peke yake hawezi.

"Ukienda na mimi," alisema, "watakuangalia wewe. Mimi nitapata nafasi ya kupumua."

Yaani nimegeuzwa pazia! Lakini nilikubali kabla hajamaliza chungwa lake. Rafiki zangu, mnajua safari zangu zote. Ama nilikuwa nakimbia, ama nilikuwa napelekwa. Mwaka huu wa 2015, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilikuwa naenda kutembea. Nilifurahi hadi nikaota kipele mdomoni.

Louisville hadi Columbus

Ndege yetu ilikuwa ya kuondokea Toronto, Kanada, ng'ambo ya Buffalo, kwa hiyo tulianza kwa gari langu. Mimi ni dereva mzuri, hata mume wangu anakiri akiwa na njaa. Shida ilikuwa mizigo. Mama Kevini alileta masanduku matatu: vitamini, mafuta ya kuchua, chokoleti, sabuni za nywele, na sweta ambazo hazikuwa na mwenyewe. Nilitaka kumcheka, nikajikumbuka mimi mwenyewe na mizigo ninayowatumia watu wa Kigoma. Mvua ilitupata Cincinnati, magari yakasimama saa nzima, na yeye muda wote akawa anayataja kwa vidole yaliyomo masandukuni, moja baada ya jingine.

Columbus tulilala kwa Speciose, kule Northland, nyuma ya Morse Road. Dada yangu alikuwa ameandaa ugali, mboga za lengalenga na ndagala, wale dagaa wetu, wa kukaanga, na alikuwa na wasiwasi kwamba mgeni hatakula. Mgeni alifungua mkoba, akatoa kichupa cha mchuzi wa samaki waliochachushwa, akaunyunyiza juu ya ndagala. Chumba kizima kilinuka kama soko la Kigoma saa nane mchana. Speciose alinitazama kwa jicho la kuniuliza nimeokota wapi mtu huyu. Kisha akaonja. Asubuhi kichupa kilikuwa kitupu, na hakuna aliyekiri.

Columbus hadi Buffalo

Tulipoondoka, Speciose naye aliwasha gari lake. Tuliingia barabara kuu ya kaskazini, naye nyuma yetu. Tukapita vitongoji, tukaingia mashambani, bado yuko nyuma. Mama Kevini alikuwa anamtazama kwenye kioo.

"Mbona dada yako anatufuata? Tumesahau kitu?"

"Anatusindikiza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka moyo wake utosheke."

Nilimweleza. Kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unamshika mkono, unatoka naye, mnaongea njiani, na yeye ndiye anayesema, "Haya, rudi sasa, umetufikisha." Mtu akikuacha mlangoni, ujue kuna neno. Hapa Amerika watu wanapunga mkono dirishani wakiwa na soksi, na mpaka leo sijazoea. Speciose alitutoa, yaani alitusindikiza, hadi karibu na Mansfield, mwendo wa saa nzima. Hapo alituwashia taa, tukasimama kwenye kituo cha mapumziko, tukakumbatiana kana kwamba hatukulala nyumba moja, naye akageuza. Mama Kevini aliendelea kukitazama kile kioo mpaka Cleveland. Nilidhani amechoka.

Buffalo tulipokelewa na Mama Furaha, mnamfahamu, Mkongomani wa Uvira anayekaa Riverside karibu na mto. Alikuwa ameweka maharage jikoni na maswali mezani.

"Bon, Mama Neema," alisema, "sisi tulikimbia vita. Wewe sasa unaifuata?"

Nikamwambia vita vya kule viliisha zamani, kabla mimi sijazaliwa.

"Na watu bado wako kule?"

"Wengi kuliko hapa."

Hakuridhika. Alituwekea mikono kichwani akatuombea, na mnavyomjua, hakuacha kiungo hata kimoja bila kukitaja. Alipofika kwenye magoti, maharage yaliungua. Tulikula hivyo hivyo, tukayasifu.

Mume wake ndiye aliyetuvusha daraja hadi Toronto. Mpakani afisa alituuliza mimi na huyu mama tuna uhusiano gani. Nikasema ni mwenzangu wa meza. Akauliza meza gani. Nikaanza kumweleza habari za maboksi, na nilikuwa nimefika kwenye gundi ya karatasi alipotupungia tupite.

Buffalo hadi Hanoi

Ndege sitaisimulia sana. Ni kukaa. Hong Kong tulikwama nusu siku kwa ajili ya dhoruba, na hapo ndipo nilipokula supu yangu ya kwanza ya tambi kwa vijiti viwili. Niliila kwa muda wa dhoruba yote. Mzee mmoja aliyekaa kiti cha mbele yangu alishindwa kuvumilia, akaja akanipangia vidole vyangu mwenyewe kimoja kimoja, akarudi kukaa. Tangu hapo mimi ni fundi.

Hanoi, jamani! Pikipiki zinakuja kama nzige, na hazisimami. Mimi nilitegemea mwenyeji wangu, kumbe mwenyeji alisahau. Aliondoka nchi ikiwa ya baiskeli. Tulisimama kona moja dakika ishirini, tumeshikana mikono, tunaweka mguu na kuutoa. Mwishowe bibi mmoja mwenye mti begani na vikapu viwili vya mapera alitusukuma kwa kiuno chake, akatuvusha polepole, pikipiki zikitupita huku na huku. Upande wa pili alicheka mpaka akaweka vikapu chini. Alimsemesha Mama Kevini Kiingereza. Mwenzangu alimjibu kwa Kivietnam, na yule bibi akashangaa, akasema anaongea kama redio ya zamani.

Nilicheka. Mama Kevini hakucheka. Aliniambia hotelini kwamba kama mwuza mapera hamtambui, sembuse Lan.

Hanoi hadi kwa Lan

Tulikodi basi dogo pamoja na dereva, Bwana Tuan, mtu wa makamo aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Tulipotoka tu mjini nilianza kupiga kelele. Mihogo! Migomba! Magimbi kando ya mfereji! Majani ya viazi vitamu! Nimekaa Kentucky miaka minane nikinunua mihogo iliyopakwa nta, na hapa inaota barabarani bila mwenyewe. Wanawake walikuwa wameinama mpungani hadi magotini kwenye maji, nyati wa kufugwa wamelala kwenye matope, bata wanachungwa kwa fimbo kama mbuzi. Katikati ya mpunga kuna makaburi, yamejengwa vizuri, na watu wanapanda mpaka ukingoni mwake. Nilimwomba Bwana Tuan asimame mara sita nipige picha. Mara ya saba alisimama bila kuombwa, kwenye duka la sanamu za mawe, simba na wanawake wasio na nguo, na akakataa kuondoka kabla hatujazunguka lote. Nadhani duka lina makubaliano naye. Nilimweleza kwa ishara kwamba simba wa jiwe haingii kwenye ndege, naye akanionyesha mdogo zaidi.

Mama Kevini alitumia muda huo kubadilisha blauzi chooni. Alitoka na ya bluu, akarudi, akatoka na nyeupe.

Kijijini mpango wetu wa pazia ulifanya kazi kupita kiasi. Nilikuwa nimevaa kitenge cha njano, na tuliposhuka barabarani na kuanza kutembea kwenye njia nyembamba ya mpungani, watu walitoka kila nyumba. Walinishika nywele, wakanipa mtoto nimbebe, wakapiga picha. Mama Kevini alipita pembeni akiburuta sanduku, hakuna aliyemtazama. Hivyo ndivyo alivyofika mlangoni kwa dada yake.

Lan alikuwa amesimama hapo, mwembamba, nywele nyeupe, mikono nyuma. Alijua tunakuja, jirani mwenye simu alimpa habari. Nilisubiri kilio. Kwetu hapo wangekuwa wamekwisha kuanguka chini. Lan alimtazama mdogo wake kutoka viatuni hadi usoni, akasema sentensi moja. Nikauliza amesema nini.

"Ameuliza kama tumekula," Mama Kevini alinijibu.

Ndani kulikuwa na meza ndogo yenye picha ya mama yao, matunda na ubani unaofuka. Mama Kevini akawasha kijiti chake, akasujudu, akabaki hapo muda mrefu. Lan akanipa na mimi kijiti. Mnanijua, mimi ni mtu wa wokovu, ubani wa wafu siwezi. Lakini pia kumrudishia mwenye nyumba kitu mkononi ni ufidhuli. Nilikishika kijiti kikiwa hakijawaka, nikafumba macho, nikamwomba Mungu anitoe hapo kwa heshima, na kwa sababu ya moshi machozi yakanitoka. Lan aliyaona. Alidhani ninamlilia mama yake. Tangu dakika hiyo alinipenda, na mezani akaniwekea bakulini vipande vyote vizuri vya kuku, hata kichwa, kikinitazama.

Lakini kwa mdogo wake, hakuna. "Kula." "Chukua wali." "Sanduku liweke kule." Vitamini na sweta zilipangwa kitandani, akashukuru, hakuzigusa. Saa mbili zilipita hivyo. Nilimkanyaga Mama Kevini mguu chini ya meza: uliza. Alitikisa kichwa. Niliona mikono yake, ile inayobandika karatasi mia kwa saa bila kukosea, inazungusha tu bakuli la chai mezani. Niliumia sana. Tumevuka dunia nzima, na swali limekaa mdomoni mwa mtu. Kule barabarani Bwana Tuan akaanza kupiga honi.

Kutoka kwa Lan hadi ghubani

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na sijui niombe msamaha au nidai zawadi.

Tulisimama kuaga. Lan alitufikisha mlangoni, akasimama. Hakutoka. Nikasema moyoni, hapana. Dada wa damu, na njia yote ile ya mpungani, hawezi kutuacha mlangoni kama Mmarekani mwenye soksi. Jua lilikuwa kali. Niliiona kofia yake ya majani imening'inia ukutani, nikaichukua, nikamwekea mkononi, nikamshika ule mkono mwingine nikamwonyesha njia. Maana yangu: tutoe kidogo, mama, mpaka pale kwenye gari.

Lan alinitazama, akamtazama mdogo wake, akaingia ndani. Tukasubiri. Alitoka amevaa blauzi nyingine na viatu vya kufunga. Akafunga dirisha, akafunga mlango kwa kufuli, akamwita jirani akampa maagizo marefu, nadhani ya kuku. Mimi nikafurahi. Nikasema, huyu mama anajua kusindikiza, anaheshimu jambo. Tulitembea mkono kwa mkono mimi na yeye, mpaka barabarani. Hapo nilimwachia, nikainama kwa adabu, nikasema kwa Kirundi na kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwamba ametufikisha, sasa arudi.

Lan akapanda gari. Alikaa kiti cha mbele, akaweka kofia magotini, akafunga mkanda.

Mama Kevini alinigeukia taratibu. "Umemwambia nini?"

"Mimi? Sijui hata neno moja la lugha yenu."

"Anadhani tumemwalika. Anakuja Ha Long."

Tulisimama hapo kando ya barabara, hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke. Bwana Tuan alibadilisha miwani, akamtazama abiria wake mpya, akawasha gari. Kwa saa mbili Lan aliongea naye yeye tu, habari za bei ya mbolea. Nyuma, Mama Kevini alinishika kidole gumba akakiminya kwa nguvu, na sikujua kama ni hasira au nini.

Ghubani

Kwa wale mnaouliza kama kunapendeza: acheni. Nimejaribu kuwaonyesha kwenye simu, simu haiwezi. Maji ni ya kijani, yametulia, na ndani yake vimesimama vilima vya mawe, mamia, virefu, vyembamba, vina miti kichwani. Ukipita kimoja unakuta kingine, ukidhani umefika mwisho, jiwe linasogea na kuna ghuba nyingine ndani ya ghuba. Nilikuwa mbele kabisa ya mashua, kitenge kinapepea, naita kila jiwe jina: hili Speciose, hili Mama Furaha anaomba, hili supavaiza. Mpishi wa mashua alileta kaa na pweza, nikala nimesimama. Nilikuwa na furaha ya mtoto, sioni haya kusema. Nilipiga magoti pale pale kwenye mbao nikamshukuru Mungu.

Nilipogeuka kuwaita wenzangu, nikashusha mkono. Walikuwa wamekaa kwenye benchi nyuma, na Lan alikuwa anaonyesha ufukweni kwa kidole. Nilikaribia. Yaliyosemwa, Mama Kevini alinitafsiria palepale, kipande kwa kipande.

Lan alisema: tulikaa pale. Mdogo wake akauliza, nyie kina nani. Mimi na Mama, alisema Lan.

Siku ile mdogo wake alipoondoka, habari ziliwafikia asubuhi hiyo hiyo. Mama yao hakulia. Alifunga kwenye majani wali wa kunata aliokuwa ameuchemsha, akamshika Lan mkono, wakatembea, kisha wakapanda lori la makaa ya mawe mpaka ufukweni. Mashua ilikuwa imekwisha kuondoka. Walikaa mchangani mpaka jua lilipoelekea kuzama. Kisha mama akafungua majani, akamwambia Lan ale, kwa sababu chakula cha msafiri hakirudi jikoni. Lan alikataa. Mama akala peke yake, wote, akafuta mikono, wakarudi.

"Mama hakuwa na hasira," Lan alisema. "Alisikitika kwamba umeenda bila mtu wa kukutoa. Mwenye hasira nilikuwa mimi."

Mama Kevini akamwuliza kwa nini hakumwandikia hayo, miaka yote hiyo.

"Ningeandika hayo ungefurahi. Sikutaka ufurahi."

Mashua ilipita chini ya jiwe moja kubwa, kukawa na kivuli, kisha jua tena. Lan aliizungusha ile kofia magotini. Akasema kwamba leo alikuwa amekusudia kutulisha tu, kisha kutufungia mlango. Lakini mdogo wake alipomtuma rafiki achukue kofia ukutani na kumpa, aliona kwamba anatakiwa.

Mama Kevini alinitazama. Alijua vizuri hakunituma. Mimi nilitazama maji.

"Ndiyo," alimwambia dada yake. "Nilimtuma."

Ndipo walipolia, tena kwa sauti, kama tunavyolia sisi, mpaka mpishi akatoka jikoni na kijiko mkononi.

Kurudi

Tulikuwa tumepanga siku tatu ghubani, hoteli, pango, kuogelea. Tulikaa moja. Zilizobaki tulizimalizia kwa Lan, tukichambua mboga sakafuni. Nilipika ugali wa muhogo, hawakuupenda, wakaumaliza kwa adabu. Dada wawili walilala kitanda kimoja na kuongea bila kunyamaza, mimi nikilala chumba cha pili na masanduku matupu. Sikuelewa neno na sikuhitaji.

Siku ya kuondoka, Lan alipanda gari bila mtu kumpa kofia. Uwanja wa ndege wa Hanoi una mlango wa kioo ambao asiye na tiketi havuki. Alisimama hapo. Sisi tukaingia kwenye foleni, foleni inapinda kulia, na Mama Kevini akakataa kumpa dada yake mgongo. Alitembea kinyumenyume. Aligonga masanduku ya watu, akamkanyaga Mjerumani mmoja, akaomba radhi bila kugeuka. Nilimshika mkanda kiunoni nikawa namwongoza kama ninavyosukuma mkokoteni kazini, kushoto kidogo, sasa nyoosha, simama.

Tulipofika dirishani, afisa alimwambia ageuke amwone uso. Lan alikuwa bado anaonekana, kofia tu, juu ya vichwa vya watu. Nilimwambia afisa asubiri kidogo, nikampa pasi zote mbili.